Loisi Aliyesema Sawa

Kiti kile hakuna aliyekitaka. Tangu asubuhi kilikuwa pale ukingoni mwa soko la Sabasaba, kati ya muuza mitumba na mama wa karanga, na kila aliyepita alikitupia jicho mara moja kisha akaongeza mwendo, kana kwamba kiti cha magurudumu ni ugonjwa wa kuambukiza. Loisi alisimama nyuma yake, mikono juu ya vishikio, kama alivyozoea kusimama. Mtu asiyejua angedhani anamngoja mgonjwa wake arudi kutoka msalani.

Upepo wa Agosti ulikuwa ukipeperusha vumbi na mifuko, na watu walikuwa wakigombea mafungu ya nyanya. Loisi alikuwa amevaa gauni la kijivu lisilopigwa pasi na kanga mabegani. Hakuona baridi wala jua.

Mwanamume mmoja akasimama. Mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa kaptula iliyojaa udongo mwekundu na fulana ya njano iliyopauka. Kichwani alikuwa na kofia ngumu ya baiskeli aliyosahau kuivua, na kamba yake ikining'inia kidevuni. Alichuchumaa akalizungusha gurudumu moja, akalisikiliza.

"Beringi nzima kabisa," akasema. "Unauza magurudumu peke yake, dada?"

"Nauza kiti."

"Mimi nataka magurudumu tu. Kiti sina wa kumkalisha."

"Hata mimi sina."

Ndipo alipoinua uso akamtazama. "Alikuwa anakitumia nani?"

"Mama yangu."

"Amepona?"

"Amefariki."

"Loh. Pole sana."

"Asante." Aliitoa asante ile kama mtu anayerudisha chenji. Halafu, kwa kuwa yule bwana alikuwa bado amechuchumaa, akamuuliza, "Magurudumu ya nini?"

"Ya kubebea mawe. Tunajenga njia kwenye kilima cha Ntyuka. Tunajitolea tu, kila Jumamosi. Njia ya watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli."

"Inakwenda wapi?"

"Juu."

"Kuna nini huko juu?"

Akafikiri kidogo. "Hakuna kitu. Ukifika, unarudi."

Loisi akaona hilo ni jambo la kweli kuliko mengi aliyoambiwa tangu msiba. "Kichukue," akasema.

"Kwa bei gani?"

"Kichukue tu. Nimechoka kukishika."

"Basi nipe namba yako nikutumie picha, uone kazi yake. Mimi naitwa Methusela. Usicheke."

"Sijacheka."

"Kila mtu anacheka."

"Umeishi miaka mingapi mpaka sasa?" Loisi akauliza, uso mkavu kama ukuta, na Methusela ndiye aliyecheka, kicheko kikubwa kilichomgeuza hata mama wa karanga.

Loisi alikuwa karani wa shule kabla mama yake hajapigwa na kiharusi. Dada yake, Anna, ameolewa Morogoro na ana watoto wadogo, kwa hiyo aliyeacha kazi ni Loisi. Miaka ikapita akimgeuza mama kitandani, akimlisha uji, akimfulia mashuka. Mchumba aliyekuwa naye alivumilia, akapunguza kuja, akaoa. Na mama alipokata roho, akasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Mvumi, wanawake waligaragara chini wakilia, naye Loisi alikuwa jikoni akihakikisha chai inatosha. Wengine walisema analia kwa ndani. Wengine walisema alikuwa amemchoka. Yeye mwenyewe alijisikiliza ndani kama mtu anayesikiliza sufuria iliyofunikwa, hakusikia kitu. Akarudi Dodoma, akapata kazi kwenye steshenari karibu na stendi ya zamani, kudurufu vyeti vya watu kutwa nzima. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika.

Picha ilikuja Jumatano. Magurudumu yale makubwa yalikuwa yamefungwa chini ya sanduku la mbao lililopakwa rangi nyekundu, limejaa mawe. Chini yake Methusela alikuwa ameandika: *Mfanyakazi wetu mpya. Jumamosi tunaanza alfajiri, kabla jua halijaanza maneno. Karibu umtembelee.*

Alikwenda. Si kwa kupenda, bali kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya kufua mashuka ya mama, na sasa ilikuwa siku isiyo na kitu ndani.

Aliwakuta wanafunzi wa chuo kutoka Chimwaga, walimu wawili na mama mmoja mnene mwenye kofia ya kiume. Huyu aliitwa Violeth, muuguzi mstaafu, na sauti yake ilisikika kilima kizima. "Shikamoo, mama," Loisi akamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Shika reki." Hakuulizwa jambo jingine.

Methusela ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Siku za kazi alikuwa fundi wa mafriji, mwenye banda lake Majengo. Jumamosi alikuwa mtu wa sululu. Akamwonyesha jinsi njia inavyolazwa ubavuni mwa kilima badala ya kupandishwa moja kwa moja, na jinsi inavyoinamishwa kidogo upande wa bondeni. "Maji ya mvua hayana ubaya," akasema. "Yanataka tu kuonyeshwa pa kutokea. Usipoyaonyesha, yanachimba yenyewe, na hapo ndipo unapopata korongo."

Loisi akavuta reki. Kokoto zikaenda, zikarudi. Miiba ikamchana mkono, akaitazama damu kwa utulivu kama vile ni ya mtu mwingine. Alipofika nyumbani akalala mpaka asubuhi bila kuamka, jambo ambalo mwili wake ulikuwa umelisahau.

Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Na nyingine.

Methusela akaanza kupiga simu jioni.

"Haloo, bibie. Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa nimekaa."

"Basi ngoja na mimi nikae. Tukae wote."

Na kweli alikaa. Loisi alisikia upande wa pili friji la mteja likinguruma, likizima, likinguruma tena.

"Mzee, umelala?" Loisi akauliza mwishowe.

"Wazee hatulali, tunasinzia. Hivi wewe, ukiniita mzee, unajua bado sijafika hata arobaini?"

"Na jina je?"

"Jina alinipa bibi, aliona nimezaliwa dhaifu, akataka kunifungia breki nisiende haraka."

Ilikuwa kwenye simu hizo ndipo Methusela alipomweleza kwamba alishawahi kuchumbia. "Nilimuuliza akasema sawa. Kumbe baba yake ndiye alikuwa ameshasema sawa, yeye anaitikia tu. Wiki ya harusi akapanda basi la Mwanza."

"Ulilia?"

"Nililia mpaka jirani akaniletea uji."

Loisi akauliza, "Ikoje?"

"Nini?"

"Kulia. Ikoje?"

 Methusela aliliacha friji lingurume.

Kilimani watu walishaona. "Fundi," Mama Violeth alipaza sauti siku moja, "naona mawe yako siku hizi yanaelekea kwenye reki tu. Huku kwenye chepe hatuhitaji mawe?" Wanafunzi wakaangua kicheko, Methusela akajifanya anakaza kamba ya kiatu. Loisi aliendelea kuvuta reki. Hakuona haya, hakuona raha. Lakini aliamka kabla kengele ya simu haijalia siku zote za Jumamosi, na hilo hakumwambia mtu.

Ilikuwa Novemba, mawingu yakianza kujikusanya bila kutoa chochote, Methusela alipomwalika chakula cha mchana baada ya ibada. Alikuja amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, suruali nyeusi, viatu vinavyong'aa, na manukato yaliyomtangulia hatua tatu. Loisi alivaa gauni la kitenge la kijani, limepigwa pasi mpaka mikono, na vipuli vidogo vya mama yake. Walikaa chini ya turubai, kuku wa kienyeji akaletwa na ugali. Redio ya hoteli ilikuwa ikipiga muziki wa zamani.

"Umependeza," Methusela akasema.

"Asante."

"Loisi, mimi sijui kuzungukazunguka. Ningependa nikuoe. Unasemaje?"

Loisi aliingia ndani ya moyo wake kutafuta. Alipita chumba baada ya chumba, na kote kulikuwa kumefagiliwa. Hakukuwa na hofu, hakukuwa na hapana. Alichokipata akakitoa.

"Sawa."

Methusela alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alingoja. Tabasamu likangoja naye, likachoka. "Sawa?"

"Sawa."

"Sawa ya... ya kufurahi?"

Loisi alijua wanavyofanya wenzake. Mikono usoni, jamani, siamini, na machozi kidogo. Angeweza. Akaona ni wizi. "Sawa tu, Methusela."

"Unanihurumia?"

"Hapana."

"Umechoka kukaa peke yako?"

"Sijui."

"Hujui." Methusela akanawa mikono taratibu, ingawa kuku alikuwa hajaguswa. "Neno hili nilishaambiwa, Loisi. Na kwa sauti hiyohiyo. Sitaki kumfanya mtu apande basi."

Alimsindikiza mpaka mlangoni kwake Chang'ombe. "Haya, dada Loisi. Ubaki salama." Tangu siku ile ya sokoni hakuwa amemwita dada.

Simu ikanyamaza. Jumamosi hakuonekana kilimani. Mama Violeth akasema fundi amekwenda Mtera, majokofu ya wafanyabiashara wa samaki yameharibika kwa mpigo na kazi ni ya msimu mzima.

Loisi alikaa akingoja kuumia. Alijua ni lazima. Alikaa kitandani jioni, mikono mapajani, kama mtu aliyeko kituoni, na maumivu hayakuja. Kilichokuja ni mambo madogo ya kijinga. Aliichomeka simu iliyojaa chaji. Alimimina chai akakuta vikombe ni viwili. Kazini alidurufu cheti cha mteja mara nyingi mno, na mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Mvua za Desemba zikaja kwa hasira. Usiku mmoja wa ngurumo ulitosha kuikata njia kwenye kona ya juu. Walipofika waliona mfereji mwekundu uliopita katikati ya kazi yao, na miezi ya mawe imelala chini bondeni. Mwanafunzi mmoja akatukana, mwingine akakaa chini. Loisi akashuka bondeni akaanza kuyapandisha mawe, moja moja. Baadaye Mama Violeth akaungana naye, akihema.

"Unampenda fundi?" Mama Violeth akauliza, bila utangulizi.

"Sijui, mama."

"Jibu gani hilo?"

"Sisikii kitu, mama. Si yeye tu. Chakula, nyimbo kanisani, msiba wa mama. Kama mguu ulioulalia. Unauona uko pale, unaugusa, si wako."

Mama Violeth alilitua jiwe. Alikuwa amefanya kazi wodini maisha yake yote na hakushangaa. "Tangu lini?"

"Kabla mama hajafa. Sikumbuki."

"Hilo lina daktari wake. Namfahamu mmoja, mpole, nitakupeleka, na hapo usinibishie. Lakini fundi umemwambia?"

"Hakuniuliza."

"Alikuuliza, mwanangu. Wewe ndiye uliyemjibu neno moja." Akaliinua tena jiwe lake. "Mtera si Ulaya. Basi linaondoka asubuhi."

Loisi alipanda basi hilo Jumatatu, bila kuaga kazini.

Mtera ilinuka samaki na mafuta ya dizeli. Aliulizia alipo fundi wa majokofu, wakamwelekeza kwenye banda refu la mabati karibu na bwawa, na humo akaiona miguu ya Methusela imechomoza chini ya jokofu kubwa kama kaburi.

"Nipe spana ya kumi na tatu," miguu ikasema.

Loisi akaichagua, akampa. Mkono ukaipokea, ukasita. Methusela akajitoa taratibu, uso una masizi.

"Nani kakuleta?"

"Basi."

"Kuna nini Dodoma? Kuna mgonjwa?"

"Nimekuja kumalizia jibu."

Methusela akakaa palepale sakafuni, kwenye maji ya barafu. Loisi alibaki amesimama, mkoba mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima na sasa hayakuja kwa mpangilio.

"Nilikwambia sawa kwa sababu ndilo neno kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Nimetafuta jingine, sina. Mama alipokufa sikulia. Ulipoondoka sikulia. Nilikaa nikangoja. Lakini Methusela, lile gauni la kijani nililipiga pasi. Wewe hujui maana yake. Tangu mama augue sijapiga pasi nguo yangu. Na chai naweka vikombe viwili. Mwili unakungoja, mimi mwenyewe sijui niko wapi."

Nje wavuvi walikuwa wakibishana juu ya mizani.

"Na kama hairudi?" Methusela akauliza.

"Nini?"

"Hiyo. Furaha. Nikaoa, nikakaa na mtu anayesema sawa, mpaka tukazeeka."

"Inawezekana. Mama Violeth anasema iko dawa, lakini mimi sikuahidi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikupiga simu. Kama ni kukataa, unikatae unanitazama."

Methusela alifungua mdomo, na mwenye jokofu akatokea mlangoni akipiga makofi. "Fundi! Mapenzi baadaye, samaki wangu wanaoza!"

Akarudi chini. Loisi akakalia kreti la samaki lililopinduliwa. Hakuondoka, na hakuharakishwa. Alimpitishia spana, tambara, tochi. Jua lilikuwa limeshapinda lile jokofu lilipokohoa na kuanza kunguruma, na wachuuzi wakashangilia.

Walikula perege wa kukaanga kibandani. Methusela alikuwa akitoa miba na kuipanga pembeni, akisukuma nyama upande wa Loisi. Mwisho akasema, "Yule mwingine alipanda basi kunikimbia."

"Ulinieleza."

"Wewe umepanda basi kunifuata. Nimekuwa chini ya lile jokofu mchana kutwa nalifikiria hilo." Akanyonya kidole. "Yule baba yako mdogo uliyenisimulia, Bartolomayo, bado yuko Mvumi?"

"Yuko."

"Anapenda nini?"

"Kubishana."

"Basi twende tukabishane naye."

Walibishana. Mzee Bartolomayo alitaka ng'ombe ambao Methusela hakuwa nao, wakashushana mpaka wakafika mahali ambapo kila mmoja alijiona mshindi. Harusi ilifungwa Mvumi baada ya mavuno. Wanawake walipiga ngoma za muheme za Kigogo mpaka vumbi likafunika maturubai, na bwana harusi akacheza kwa ajili ya watu wawili. Loisi, ndani ya shela, alitabasamu mpiga picha alipomwomba atabasamu. Anna alimnong'oneza, "Mdogo wangu, una furaha?" akajibu, "Niko hapa, dada." Methusela alisikia. Hakuuliza zaidi.

Walipanga nyumba ndogo Ntyuka, chini ya kilima. Loisi alikwenda kwa daktari wa Mama Violeth, akakaa akaongea, akapewa vidonge, akavinywa. Siku zilikuja na kwenda. Njia ilifika juu, wakatengeneza ya pili. Jioni waliongea kuhusu gesi ya mafriji na kuhusu wanafunzi wapya. Methusela alijifunza kuishi na sawa. Aligundua zipo za namna nyingi, fupi na ndefu, na akazizoea.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya kawaida kabisa. Loisi alikuwa akitayarisha vitu vya kesho. Alitazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya mlango.

"Methusela, viatu vyangu viko wapi?"

"Vipi?" Methusela alikuwa jikoni akikata kitunguu.

"Vya kilimani. Buti."

"Aa, vile. Nimempa yule binti mpya wa Chimwaga. Maskini alikuja na ndala. Vyako vilishachoka, soli imelika upande mmoja, nikasema mwisho wa mwezi nikununulie..."

"Umempa nani?"

"Yule binti, anaitwa..."

"Viatu *vyangu*?"

Kitu kilianzia kwenye nyayo. Kilipanda magotini, tumboni, kikafika kifuani kikakuta mlango umefungwa, kikaupiga teke. "Viatu vyangu, Methusela! Vimeshachukua umbo la mguu wangu! Nani kakupa ruhusa? Uliniuliza? Mimi ni ukuta humu ndani, mtu anajigawia tu vitu vyangu? Ungempa vyako! Ungempa lile likofia lako la baiskeli! Vile ni vyangu, navitaka, umesikia? Navitaka!"

Jirani alipunguza redio. Sauti ile Loisi mwenyewe hakuwahi kuisikia. Methusela alisimama na kisu mkono mmoja na nusu kitunguu mkono mwingine, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kidevu, na mdomo wake umepasuka kwa tabasamu asiloweza kulizuia.

"Unalia nini?"

"Kitunguu."

"Muongo! Na usinichekee! Nenda kavifuate!"

"Naenda."

"Sasa hivi!"

"Naenda, mke wangu. Naenda." Alikitupa kisu kwenye beseni, akaiburuta baiskeli uani, akapanda bila kofia, akiyumba kama aliyelewa, akicheka peke yake barabarani.

Loisi alimfuata mpaka mlangoni, miguu mitupu, moyo ukimgonga kwenye mbavu mpaka ukamuuma.

"Na kamba zake!" akapiga kelele, mtaa mzima usikie. "Uje na kamba zake!"